Namna ya kuendesha kikao cha kila wiki cha klabu ya kujitolea mpaka kazi ionekane, kwa sie wa Mtwara na Lindi

Habari zenu ndugu zangu. Huu ni mwaka wa sita niko katibu wa klabu yetu ya huduma hapa Mtwara mjini, na kila mwezi hazikosi simu mbili tatu, mara mtu yuko Masasi, mara Nachingwea, mara kijana wa Lindi mjini, wote swali lao moja: dada katibu sisi tumejikusanya tuko kumi na kitu, moyo tunao, vikao tunakaa, ila kazi hazitoki, tufanyeje? Sasa badala ya kurudia yaleyale kwenye simu mpaka salio linakata nimeona niyaandike yote hapa, mwenye kuchukua achukue.

Niseme mapema ninachokiamini. Klabu nyingi huku kwetu hazifi kwa kukosa hela, zinakufa kwa sababu ya kikao. Watu wanakaa masaa mawili, wanaongea vizuri sana, wanapigiana makofi, wanaagana, wiki inayofuata wanakuja kuongea yaleyale, ya tatu wanakuja nusu, ya nne katibu na mwenyekiti wanaangaliana wawili. Kikao cha wiki ni cha kugawa kazi na kuulizana kazi ilifikia wapi, mengine yote yanafuata hapo.

Hili jambo la kukutana kila wiki halijaanza na sie. Mwaka 1905 kule Chicago mwanasheria mmoja, Paul Harris, aliwaita wenzie watatu, wakawa wanakutana kwa zamu kwenye ofisi zao, wiki hii kwa huyu wiki ijayo kwa yule, na jina la klabu yao ya kujitolea, Rotary, likatokana na huko kuzunguka. Mwaka 1917 kwenye mji huohuo wakala wa bima aitwaye Melvin Jones akaanzisha klabu nyingine za kujitolea, Lions, na mwaka 1925 Helen Keller, mama ambaye alikuwa haoni wala hasikii, akasimama kwenye mkutano wao mkuu akawaomba wawapiganie wasioona, ndo maana mpaka leo ukisikia Lions unafikiria macho. Siwataji ili muone lazima muwe chini yao, mkitaka kujiunga nao ni vizuri, sie ni kikundi cha hapahapa tu, ila tumeazima vitu viwili vitatu kwao nitavisema mbele.

HATUA YA 1: Watu kwanza, jina na tisheti baadaye

Nimeona vikundi vinaanza kwa kuchapisha tisheti. Msifanye hivyo. Watu 8 mpaka 12 wanatosha kabisa kuanzia, muhimu wawe mchanganyiko. Tafuteni nesi mmoja, mwalimu, fundi wa kitu chochote, mama wa sokoni anayejulikana na kila mtu, kijana wa bodaboda au bajaji (huyu msimdharau hata kidogo, ndo anayejua nyumba ya nani iko wapi na mgonjwa gani kalala wapi), na mtu mzima mmoja ambaye akienda kwa mwenyekiti wa mtaa anasikilizwa. Sie tunaye mzee mmoja mstaafu, haongei sana kikaoni, lakini siku tunayohitaji eneo au kibali cha mtaa anavaa kofia yake anaenda, jioni anarudi na jibu.

Mkishakaa vikao vitatu vinne mkaona mnaelewana, nendeni kwa mtendaji wa kata na kwa afisa maendeleo ya jamii mjitambulishe, awaelekeze usajili wa kikundi. Msiende mikono mitupu, nendeni na rasimu ya katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi, majina ya viongozi na orodha ya wanachama wenye sahihi zao. Fanyeni mapema, maana siku mkitaka kufungua akaunti au kuandika barua hospitali cha kwanza mtakachoulizwa ni cheti.

HATUA YA 2: Siku na saa

Hapa vikundi vingi vinakosea vinafikiri ni jambo dogo. Kwetu huku watu wengi wanaswali, na watumishi wa serikali wanatoka saa 9:30, kwa hiyo muda mzuri ni ule wa katikati ya alasiri na magharibi. Sie ni Alhamisi, tunaanza saa 10:30 jioni, saa 11:30 tumefunga. Kumbukeni mwezi wa sita jua linazama mapema, saa 12 na dakika chache adhana hiyo, Januari ndo linachelewa kidogo, sasa mkipanga kikao cha saa 11 kamili kwa sababu mwezi wa kwanza kiliwafaa, ikifika Juni mtaona nusu ya watu wanaangalia saa. Na wakristo Jumatano wengine wana ibada ya jioni, Ijumaa iacheni kabisa.

Mwezi wa Ramadhani tunafupisha, dakika 30 tu, hakuna chai, ajenda ni kazi peke yake.

Alafu kuna msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba watu wako mashambani wanaokota, wako ghalani, wanasubiri mnada, wanasubiri malipo, wanachama wetu wenye mashamba Newala na Tandahimba hatuwaoni wiki tatu nne mfululizo na wala hatuwasemi. Kazi nzito msizipange miezi hiyo. Kwa upande mwingine, kama mnataka kuchangisha, malipo yakishaingia ndo muda wake, mtu ambaye Agosti alikuwa ananunua salfa ya kupulizia mikorosho kwa mkopo hawezi kukupa kitu, muulize Desemba.

Mahali: tulianza kwenye ukumbi wa hoteli, tukaona kila Alhamisi tunalipia soda na ukumbi hela ambayo ingepeleka mgonjwa hospitali. Tukahamia kwa zamu kama wale wa Chicago, leo kibarazani kwa mwalimu Shangani, wiki ijayo gereji kwa fundi Chikongola, siku nyingine Naliendele. Faida niliyoiona sikuitegemea, watu wakishakaa kibarazani kwako wanajua hali yako, siku ukiumwa hawaulizi unakaa wapi.

HATUA YA 3: Kikao chenyewe, saa moja, na daftari

Hapa someni polepole maana ndo penyewe.

Saa 10:30 mwenyekiti anafungua hata kama mko watano. Usisubiri. Ukisubiri wachelewaji umewaadhibu waliowahi, na wiki ijayo hao waliowahi nao watachelewa. Dua fupi, wiki hii anaomba muislamu wiki ijayo mkristo, kwetu imekaa vizuri miaka yote. Kisha moja kwa moja ripoti za kazi za wiki iliyopita, hii ipewe dakika 15. Pesa dakika 5. Mgeni akiwepo dakika 15 na maswali humohumo, mleteni mtu anayejua kitu, mganga wa zahanati, bwana misitu, mama anayelea yatima, si lazima awe mkubwa. Zilizobaki zote ni za kazi zinazokuja. Mambo ya nani hajasalimiana na nani yaende kwa viongozi pembeni, yakiingia kikaoni saa moja haitoshi.

Sasa daftari. Waswahili walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongezea kwamba hata kazi isiyo na daftari inapotea. Nunueni kauntabuku moja ya kwaya 2, chora safu nne kila ukurasa: KAZI, NANI, LINI, IMEKUWAJE. Muhtasari mrefu wa "mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika" andikeni kama mnapenda, ila safu nne hizo ndo roho ya klabu.

Niwaeleze nilivyojifunza. Mwaka wetu wa kwanza tulipanga uchangiaji damu kwenye shule moja, Jumamosi. Kikaoni tulikubaliana vizuri kabisa, tutaongea na mwalimu mkuu, tutapata darasa, tutaandaa soda, na niliandika kwa mkono wangu mwenyewe "tutapata darasa". Jumamosi saa 2 asubuhi gari la timu ya damu limefika, vitanda vimeshushwa, watu 31 wamekaa chini ya mwembe wanasubiri, darasa lina kufuli. Mwalimu mkuu alikuwa ameambiwa na amekubali, shida ufunguo anao mlinzi, mlinzi kaenda msibani Nanguruwe tangu usiku, simu yake haipatikani. Kila mmoja wetu alidhani mwenzie ameongea na mlinzi. Kijana wa bodaboda akamfuata hukohuko Nanguruwe, ufunguo ukafika saa 5 kasoro, jua kali, wamebaki watu 12. Mama mmoja alikuwa amekuja na watoto wake wawili wakubwa, alinyanyuka akajifunga kanga vizuri akasema "wanangu, siku nyingine" akaondoka. Sijamsahau yule mama.

Toka siku ile kwenye kikao chetu neno "tuta" haliandikwi. Mtu akisema tutaenda, tutafuatilia, tutaangalia, wote wanamjibu "hilo tuta!", kwa sababu tuta ni lile la barabarani linalosimamisha gari. Anarudia upya: nitaenda mimi, Jumanne, asubuhi. Hapo ndo katibu anashika kalamu. Kama hakuna anayesema "nita", kazi hiyo haiandikwi na haifanyiki, tunaiacha bila kuoneana haya. Mwaka jana tuliziacha kazi nyingi tu kwa njia hiyo na sioni vibaya, ni heri mkubali mbele ya wenzenu kwamba hamuwezi kuliko kumuahidi mtu alafu akawasubiri chini ya mwembe.

Na kazi ikatwe vipande vidogo. "Kuandaa uchangiaji damu" si kazi ya mtu mmoja, ni lundo. Iandike hivi: kumuona mlinzi kuhusu ufunguo, yeye mwenyewe uso kwa uso, kuazima madawati 6, kununua maji katoni 3, kupita msikitini Ijumaa kuomba itangazwe, kupita kanisani Jumapili. Kila kipande na mtu wake na siku yake. Safu ya IMEKUWAJE inajazwa kikao kinachofuata, mtu anasimama anasema imefanyika au haijafanyika na kwanini. Hatumgombezi aliyeshindwa. Tunamuuliza tu unaihamisha siku gani au unampa nani. Ukianza kugombeza watu wataacha kusema "nita" kabisa.

HATUA YA 4: Pesa

Sie kila mwanachama anatoa 2,000 kwa wiki, asiyekuwa nayo hatoi na hasemwi mbele ya watu, mweka hazina anaongea naye pembeni. Kiasi pangeni nyie kulingana na hali zenu.

Kitu tulichoazima kwa Lions ni hiki: wanatenganisha hela ya kuendesha klabu na hela iliyochangwa na wananchi kwa ajili ya huduma. Hela ya chai, kauntabuku, vocha, inatoka kwenye michango ya wanachama wenyewe. Hela aliyotoa mwenye duka akasema hii ya wagonjwa, haiguswi hata kwa nauli ya kiongozi. Hesabu mbili, kurasa mbili. Na hela isikae kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu vipi, simu inapotea, mtu anafariki, mtu anabanwa na shida ya mtoto usiku. Fungueni akaunti ya kikundi benki au mtumie zile huduma za vikundi za kwenye simu ambazo mpaka watu zaidi ya mmoja wakubali ndo hela inatoka. Salio lisomwe kwa sauti kila Alhamisi, hata kama ni shilingi 14,500, lisomwe.

HATUA YA 5: Kuchagua kazi, ulizeni kwanza

Tuliwahi kuchanga tukanunua shuka, tukaenda wodi ya wazazi na furaha zetu. Nesi mkuu wa zamu akatupokea vizuri, akashukuru, alafu akanivuta pembeni akaniambia taratibu, "Mwanangu, shuka tumeletewa mara tatu mwaka huu. Siku nyingine mkija mtuulize kwanza, wanawake hapa wanakosa mabeseni na taulo za kumfunga mtoto." Toka hapo hatununui kitu kabla mtu mmoja hajaenda kuuliza na jibu halijaandikwa kwenye daftari. Na muulizeni anayefanya kazi yenyewe, mkubwa wa ofisini kabati la wodi hajalifungua.

Kabla ya kukubali kazi tunajipima kwa maswali manne ambayo mfanyabiashara Herbert Taylor aliyaandika mwaka 1932 akiwa anahangaika kuiokoa kampuni iliyokuwa inafilisika, Rotary wakayachukua: hili tunalosema ni kweli? Ni haki kwa wote wanaohusika? Litaleta ujirani mwema? Litawafaa wote? Swali la pili ndo linatusaidia zaidi, maana kuna misaada inampa mmoja inamuumiza mwingine.

Na msishike kazi kumi. Rotary walilishika suala la polio kama kazi ya shirika zima mwaka 1985, na Afrika ikatangazwa haina tena polio ile ya asili tarehe 25 Agosti 2020. Hesabu mwenyewe, ni miaka 35 kitu kimoja. Sie tumeshika mambo manne.

Damu. Hii naiombea kila kikundi kiwe nayo. Mama akitoka damu nyingi wakati wa kujifungua, mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, mtu wa ajali ya bodaboda, hawa hawasubiri. Na damu haikai, chupa ya damu ikihifadhiwa kwenye jokofu muda wake ni kama siku 35 tu. Kwa hiyo uchangiaji mkubwa wa mara moja kwa mwaka wa kupiga picha unasaidia mwezi mmoja. Bora watu 25 kila baada ya miezi mitatu. Angalieni pia likizo za shule, wanafunzi wa sekondari ndo wachangiaji wakubwa, shule zikifungwa damu inapungua, hapo ndo klabu zijitokeze. Kituo cha damu salama cha kanda ya kusini kiko hapahapa Mtwara, nyie kazi yenu si kuwatoa watu damu, kazi yenu ni watu, kivuli, maji na ufunguo.

Tangazeni masharti mapema ili mtu asije akarudishwa akaona aibu: awe na miaka 18 mpaka 65, uzito usiopungua kilo 50, asiwe mjamzito wala ananyonyesha, awe amekula. Mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Inatoka kama mililita 450, na kabla hapo wanampima wingi wa damu. Damu inapimwa UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, majibu ni siri ya mchangiaji, hili msiliseme kwa mzaha hata kidogo, likishatoka moja mtaani hampati mtu tena. Mwezi wa Ramadhani tunafanya baada ya kufuturu. Mtu akiuliza kwanini ndugu yangu aliambiwa alipie, mwambie damu haiuzwi, na kama kaombwa hela aripoti.

Mikoko. Pale Mikindani tunapanda, na tulianza vibaya. Mara ya kwanza tulipanda siku ya maadhimisho kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na nafasi siku hiyo, maji yamejaa, tunachomeka miche tukiwa tumezama mpaka magotini, wiki mbili baadaye imebebwa yote. Sasa utaratibu uko hivi. Kwanza kibali, mikoko iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, nendeni mkaongee nao wawaonyeshe eneo, msijipandie popote. Eneo liwe lilikuwa na mikoko zamani ikakatwa. Kama hapajawahi kuota, hata mpande mara ngapi hapaoti, na nyasi za baharini msizifunike ni malisho ya samaki. Pili mpange kwa mwezi wa angani, bamvua la mwezi mchanga au mwezi mpevu maji yanatoka mbali mnapata masaa ya kutosha. Tatu mbegu: ule mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui mbegu yake ni ndefu, ya kijani, nyingi zinazidi rula, iliyoiva ina pete ya manjano karibu na kikofia na ukiigusa inaachia yenyewe, ukiona unaivuta kwa nguvu iache haijakomaa. Unaichomeka ncha chini kama theluthi yake kwenye tope, wima, mita moja au moja na nusu mpaka nyingine. Usiipigilie, tope lenyewe linaishika.

Na kabla hamjachomeka ya kwanza waulizeni kina mama wanaookota chaza wanapitaga wapi. Kuna bibi mmoja alitusimamisha ndoo iko kichwani, akatuambia wajukuu zangu hapo mnapopanda ndo njia yetu, mkipaziba tutakanyaga tu. Tulisogea hatua kama kumi. Miche ya upande ule ndo iliyobaki mingi kuliko yote, maana kina mama wenyewe wanaiangalia wakipita.

Mabusha na matende. Kazi hii haina picha nzuri, ila kwa mikoa yetu miwili ina uzito wake. Wanaume wengi wanajificha nayo miaka. Ugonjwa unaletwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu, mambo ya kunywa madafu hayahusiki, na wanaposema sijui karogwa haihusiki pia. Busha linapasuliwa na mtu anarudi shambani. Ikitangazwa kambi ya upasuaji klabu inafanya kazi ya chinichini: wazee wawili wanapita vijiweni kwenye kahawa na kwa kinyozi, wanaongea na mtu mmojammoja, hawabandiki jina la mtu popote. Tunatoa nauli ya kwenda na ya kurudi, chakula cha anayemuuguza, alafu kuna "nita" wa kumkumbusha siku ya kurudi kuangaliwa kidonda. Huyo wa mwisho vikundi vingi vinamsahau. Na kampeni ya kugawa dawa za kingatiba ikipita mtaani, wanachama wote tunameza mbele ya majirani, inasaidia kuliko kipaza sauti.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi unajulikana, sina mengi. Kubalianeni tu na halmashauri gari la taka litapita saa ngapi, mkikusanya lundo likabaki pale siku nne mmewachafulia watu.

HATUA YA 6: Siku ya kazi na baada yake

Mmoja awe msimamizi, mmoja tu, hata mwenyekiti siku hiyo anamsikiliza yeye. Fikeni nusu saa kabla. Picha pigeni za kazi, mikono, miche, vitanda, ila sura ya mgonjwa au mtoto msiipige na msiirushe hata kama amekubali, maana amekubali akiwa na shida. Siku hiyohiyo jioni msimamizi aweke kwenye grupu la WhatsApp mistari mitatu: wangapi walikuja, nini kilikwama, hela kiasi gani ilitumika. Asisubiri Alhamisi, Alhamisi ameshasahau kilichokwama anakumbuka tu mazuri.

Mwanachama akikosa vikao vitatu mtu aende nyumbani kwake. Asiende kumuuliza ada, aende kumsalimia. Mara nyingi unakuta kuna mgonjwa ndani, na klabu inayohudumia watu wa mbali inashindwa kumjua mgonjwa wa mwanachama wake.

Viongozi badilisheni kila mwaka, hasa mwenyekiti. Katibu mimi nimekaa muda mrefu na nimeshawaambia wenzangu mwaka huu inatosha, kuna binti mmoja mwanachama wetu anayeendesha bajaji, anaandika vizuri na haoni haya kumwambia mzee "hilo tuta". Tunakaa naye vikao vinne pamoja, viwili naandika mimi anaangalia, viwili anaandika yeye naangalia, alafu nampa daftari na yale ya zamani yote matano. Mstari wa mwisho alioandika Alhamisi iliyopita ni huu: kuhesabu mikoko iliyoshika Mikindani, katibu wa zamani na katibu mpya, Jumapili maji yakitoka. Safu ya nne bado iko wazi, tunaenda keshokutwa.